Kukata Chuma: Gesi au Plasma?

Juma hili tuache kidogo habari za mbegu na ada za shule, tuingie karakanani. Ninayo sababu. Wazazi kadhaa wameniuliza swali lile lile kwa maneno mbalimbali. Kijana amemaliza mafunzo ya kuchomelea, amerudi nyumbani na cheti chake, naye asema hawezi kuanza kazi bila chombo cha kukatia chuma. Mmoja ataka mitungi ya gesi. Mwingine ameona plasma mjini, na sasa haambiliki. Baba yu tayari kuuza ng'ombe wawili. Mama asema ng'ombe hawatoki zizini mpaka mtu amweleze hiyo plasma ni kitu gani. Mimi naona mama ana haki. Basi nitajaribu kumweleza, na baba naye asikilize.

Tuanze na gesi, maana ndiyo ya zamani. Mwaka 1895 mtaalamu wa Kifaransa, Henry Le Chatelier, alionyesha ya kuwa gesi ya asetilini ikiungua pamoja na oksijeni hutoa joto lipitalo nyuzi 3,000 za Sentigredi. Miaka michache baadaye tochi za kuungia na kukatia zilianza kutengenezwa huko huko Ufaransa, na tangu hapo meli, reli na madaraja ya dunia nzima yamepita katika moto huo.

Watu wengi wadhani moto wa gesi huyeyusha chuma kama jua liyeyushavyo samli. Sivyo. Chuma huungua. Fundi hupasha ukingo wa chuma kwa miali midogo mpaka uwe mwekundu wa kung'aa, yaani kama nyuzi 900. Ndipo akandamizapo kipini, na oksijeni tupu hutoka kwa nguvu katikati ya mdomo wa tochi. Hapo chuma chenyewe hushika moto kama kuni kavu. Majivu yake ni yale tuyaitayo mavi ya chuma, nayo huyeyuka kwa joto dogo kuliko chuma chenyewe: majivu kama nyuzi 1,370, chuma zaidi ya 1,500. Basi majivu hutiririka na kupulizwa chini, na nyuma yake hubaki mwanya.

Shika sana jambo hilo la majivu, maana ndilo lieleza kwa nini gesi hukata chuma cha kawaida lakini alumini yaishinda. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, lakini gamba lake hutaka zaidi ya 2,000. Ukiipasha, ndani imekwisha kuwa uji na juu gamba bado limeshikilia. Chuma kisichoshika kutu, kile cha masinki na meza za hotelini, nacho ni hivyo hivyo. Hata chuma cha kusubu, kama kile cha miili ya cherehani za zamani, hakikatiki vizuri kwa gesi. Hupasuka au hutoka kimetafunwa kama na panya.

Sasa plasma. Umepata kuona radi ikipiga mti? Hewa kwa kawaida haipitishi umeme, lakini ikipata nguvu kubwa mno hubadilika, hung'aa, ikawa njia ya umeme. Hewa iliyobadilika hivyo ndiyo plasma. Katika tochi ya plasma mna radi ndogo isiyokoma. Hewa ya kompresa hupitishwa penye cheche ya umeme, kisha husukumwa katika tundu dogo sana, nayo hutoka ikiwa na joto liwezalo kufika nyuzi 20,000. Chuma hapo hakiungui kama kuni. Huyeyuka na kupulizwa. Kwa hiyo plasma haijali majivu. Hukata chochote kipitishacho umeme: chuma, alumini, shaba, hata kile cha masinki. Mmarekani Robert Gage alipata hataza ya tochi hiyo mwaka 1957. Siku zile ilikuwa mali ya viwanda vikubwa. Leo ziko mashine ndogo ambazo mtu mmoja huzibeba kwa mkono, na hizo ndizo vijana wetu wazionazo madukani.

Mpaka hapo utasema, kumbe jambo limekwisha, plasma yashinda! Ngoja kwanza.

Mwambie kijana achukue daftari, apige mistari, aandike kazi zote ambazo watu wa kijiji na vijiji jirani walimpelekea fundi kwa miezi mitatu iliyopita. Asiandike kazi azitamanizo, aandike zilizokuja. Akiona mageti, milango ya bati nene, majiko, matangi ya maji na vihenge vya chuma, basi chuma chake ni chembamba, cha milimita 1 mpaka 6. Hapo plasma ni bora bila ubishi. Hukata haraka, mwanya ni mwembamba, na bati halijikunji. Moto wa gesi juu ya bati la milimita 2 hulifanya lijipinde kama jani la mgomba juani, na kulinyoosha ni kazi ya siku nzima.

Lakini akiona matela ya ng'ombe, plau zilizovunjika, chasisi za magari, ekseli, vyuma vya mashine za kusaga, habari hubadilika. Mashine ndogo ya plasma ya ampea 40 hukata vizuri chuma cha milimita 8 au 10. Zaidi ya hapo hukwaruza na kuacha mavi mengi. Tochi ya gesi ya mkono, ukibadilisha nozeli, hukata milimita 50, hata 100, bila kulalamika.

Tena liko jambo ambalo wauzaji wa plasma hawalitaji. Kazi ya fundi wa kijijini nusu yake si kukata. Ni kufungua kilichokwama na kunyoosha kilichopinda. Nati ya trekta imeshika kutu miaka kumi: ipashe moto, itafunguka. Jino la plau limepinda: lipashe, ligonge, limerudi. Plasma haiwezi kazi hiyo hata kidogo. Hukata tu, basi. Mwenye tochi ya gesi, akiwa na kichwa cha kupashia, ana vyombo viwili mkononi. Na akiwa na asetilini anacho hata cha tatu, maana aweza kuunga.

(Nondo za nyumba sizitaji. Nondo hukatwa kwa msumeno wa chuma au kwa grainda, na anayeuza ng'ombe ili akate nondo nitamwomba asome makala hii tangu mwanzo.)

Baada ya kazi, tazama chakula cha mashine. Maana mashine nayo hula kila siku, kama ng'ombe yule aliyeuzwa.

Chakula cha plasma ni umeme na hewa. Umeme wa majumbani mwetu hutakiwa uwe volti 230. Mashine ya ampea 40 ikikata kwa nguvu zake zote huvuta kama ampea 25 au 30 katika waya wa nyumba, na kompresa nayo yataka chake. Waya mwembamba uliofungwa kwa ajili ya taa mbili na redio hautoshi. Utapata moto, na inaweza kuungua nyumba. Tena wengi wetu tumeunganishwa mwisho kabisa wa laini, mbali na transfoma. Wewe mwenyewe waona: mashine ya kusaga ikianza, taa hufifia. Hapo plasma huzima au hukata nusu nusu. Kwa hiyo, kabla ya kununua, mwite fundi umeme aje jioni, wakati mashine ya kusaga inafanya kazi na watu wamewasha taa, apime volti nyumbani pako huku kitu kizito kimewashwa. Kipimo cha asubuhi, wakati hakuna mtumiaji, kitakudanganya. Jenereta yaweza kusaidia, lakini si ile ndogo ya arusini. Utahitaji ya kilowati 8 au zaidi kwa plasma na kompresa pamoja, na petroli yake uitie katika hesabu.

Hewa nayo lazima iwe kavu. Wakati wa masika tangi la kompresa hujaa maji upesi. Yasipomwagwa kila asubuhi, na kichujio kisipokuwapo, maji huingia katika tochi na kuila. Mdomoni mwa tochi mna vitu vidogo viwili, nozeli na elektrodi, ambavyo huchakaa kama soli za viatu. Kijana mgeni wa kazi huvimaliza upesi, maana huiburuza tochi juu ya chuma, au huianzisha katikati ya bamba badala ya ukingoni. Basi swali la kumwuliza mwenye duka si bei ya mashine. Muulize: nozeli zake zauzwa wapi, kwa bei gani, na mwakani zitakuwapo? Akijikuna kichwa, nenda duka jingine.

Na ubao wa mashine usomwe vizuri. Ukiona imeandikwa asilimia 60, maana yake katika kila dakika 10 ikate 6 na kupumzika 4. Ukiona imeandikwa milimita 12, huenda hicho ni kipimo cha kutenganisha tu, hata kama ukingo umetoka kama meno ya mamba. Uliza kipimo cha kukata safi.

Chakula cha gesi ni oksijeni na gesi ya kuwaka. Oksijeni haitengenezwi kijijini. Lazima ichukuliwe mjini na mtungi urudishwe mjini. Haya, tupige hesabu. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa presha ya baa 150 una lita 7,500 za oksijeni, yaani mita za ujazo 7 na nusu. Akikata bamba la milimita 10, kijana aweza kutumia kama mita za ujazo 3 kwa saa moja ya moto usiozimwa. Ni saa mbili na nusu hivi. Utasema ni chache mno! Lakini fundi wa kijijini hakati saa nzima mfululizo. Hukata dakika tano, hupima, hugonga, huongea na mteja. Mtungi mmoja waweza kumfikisha mbali, na wakati hana kazi mtungi husimama tu pembeni bila kumdai kitu, mradi vali imefungwa na mtungi ni mali yake si wa kukodi. Chukua bei ya kujaza, ongeza nauli ya kwenda na kurudi, gawanya kwa kazi zilizomo katika daftari. Huko ndiko utakakoona kama yafaa.

Kuhusu gesi ya kuwaka, mimi napendelea gesi ya kupikia kuliko asetilini, nami nitasema kwa nini. Kwanza yapatikana karibu. Siku hizi maduka mengi ya vijijini huuza. Pili, haina hasira kama asetilini. Ni kweli hula oksijeni zaidi, kama sehemu 4 kwa sehemu 1 ya gesi, na huchelewa kidogo kupasha chuma. Ni kweli pia haifai kuungia chuma. Lakini kijana wa kuchomelea anayo mashine yake ya umeme kwa kuungia. Ila asidhani atachukua mtungi wa jikoni na regyuleta yake ya jikoni. Yahitajika regyuleta ya kazi hiyo, nozeli ya gesi hiyo, na mpira wa gesi hiyo. Mpira mwekundu uliotengenezwa kwa asetilini huharibika kwa gesi ya kupikia.

Nimesema asetilini ina hasira. Msikie habari ya Gustaf Dalén wa Sweden. Huyu ndiye aliyegundua namna bora ya kuijaza mitungi kitu chenye vitundu kama sifongo ili asetilini itulie ndani yake. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia kwa kazi yake ya taa za minara ya bahari zitumiazo gesi hiyo. Mwaka huo huo, akiwa anajaribu mitungi ya asetilini, gesi ililipuka, naye akapofuka macho yote mawili. Kama gesi ilimshinda mtu aliyeifahamu kuliko wote, sisi tutaichezeaje? Mtungi wake usimame wima; ukilazwa, dawa iliyomo hutoka pamoja na gesi. Ukiwa umelala njiani, usimamishwe, utumike kesho yake. Presha katika mpira isipite baa 1. Bomba lake lisiungwe kwa shaba nyekundu. Na yale madebe ya kienyeji ya kutilia mawe ya kabaidi na maji ili yatoe gesi, mzazi, ukiyaona katika karakana anayojifunzia kijana wako, mwondoe siku hiyo hiyo.

Gesi ya kupikia nayo si malaika. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini, hujikusanya shimoni kama maji, hungoja cheche.

Oksijeni haiwaki yenyewe, na ndiyo sababu watu huidharau. Lakini mafuta na grisi vikikutana na oksijeni ya presha kubwa huwaka vyenyewe. Mikono ya fundi iliyotoka kwenye injini isishike vali hiyo. Wala asijipulizie oksijeni kupunguza joto au kung'uta vumbi nguoni. Nguo iliyoshiba oksijeni huwaka mara moja ikipata cheche. Na kila mpira uwe na vali ya kuzuia moto usirudi nyuma. Duka likikuuzia seti bila vali hizo, seti hiyo haijatimia.

Plasma haina mitungi, lakini isikudanganye. Umeme katika tochi yake huweza kufika volti 200 au 300. Ardhi yenye maji na miguu mitupu havikubaliani nayo. Mwanga wake huunguza macho na ngozi. Kwa ampea 40 miwani iwe na kioo cha namba 5 hadi 8, na kwa gesi namba 4 au 5. Miwani ya jua ya mnadani haihesabiwi.

Yapo mawili yahusuyo vyombo vyote viwili, nami nayasema kwa uzito. La kwanza ni mapipa. Watu huleta pipa la petroli, la dizeli au la dawa likatwe kuwa birika la mifugo. Pipa tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke umebaki ndani, na kulisuuza mara moja hakutoshi. Mafundi wamekufa kwa pipa moja. Anayeanza kazi alikatae kabisa, hata kama mteja ni mjomba wake.

La pili ni bati na mabomba yaliyopakwa zinki. Zinki ikipata moto hutoa moshi mweupe. Aliyeuvuta jioni hupata homa, baridi na maumivu ya viungo, naye hudhani ni malaria. Kwa kawaida homa hiyo huisha katika siku moja au mbili, lakini si ya kuzoea, na homa yoyote ipimwe zahanati, asije mtu akasema ni zinki kumbe ni malaria kweli. Kijana afanye kazi hiyo nje, upepo ukimtokea ubavuni. Maziwa ambayo mafundi hunywa baada ya kazi ni chakula kizuri, lakini maziwa huenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni.

Sasa mama ataka neno la mwisho kuhusu ng'ombe. Kwa kijana anayeanza leo, nasema asinunue chochote kati ya hivyo viwili kwa miezi sita ya kwanza. Msumeno wa chuma, grainda nzuri, tindo na mashine yake ya kuchomelea vyatosha kwa kazi nyingi za daftari lile. Ng'ombe mmoja hafiki huko. Miezi hiyo akate kwa gesi katika karakana ya fundi mwenye uzoefu, hata kwa ujira mdogo, maana kuwasha tochi hakujifunzwi kwa kutazama.

Baada ya hapo, aliye mbali na umeme wa nguvu na mwenye wateja wa matela na plau, achukue oksijeni na gesi ya kupikia. Aliye karibu na transfoma, penye soko, ambako watu wajenga na kutaka mageti na matangi, achukue plasma, pamoja na kompresa na vichujio vyake siku ile ile. Naona familia nyingi zisomazo ukurasa huu zitaangukia upande wa gesi. Anayewaambia ya kuwa gesi ni mambo ya kale hajapata kufungua nati ya trekta.

Siku ya kununua plasma, nenda dukani na kipande chako mwenyewe cha chuma, cha unene uleule ulioandikwa zaidi katika daftari, kikatwe mbele yako mara kumi mfululizo. Na siku ya kuleta mitungi, usiipandishe katika basi pamoja na watu. Kodi gari la wazi, mitungi isimame, ifungwe kamba, vifuniko vya vali viwe juu yake, na regyuleta zisafiri mbalimbali ndani ya sanduku.